Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya wazee mkoani Kigoma: pimeni na miguu

Kwa waheshimiwa mnaosimamia afya, lishe na ustawi wa jamii katika mkoa wa Kigoma na halmashauri zake zote.

Shikamooni mlionizidi umri. Na ninyi wengine, habari za kazi? Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Ujiji. Nimeingia kwenye kundi la wazee kwa hesabu ya serikali, maana miaka 60 nimeshaipita, kwa hiyo hili ninaloliandika linanihusu mwenyewe, na wengi wenu litawahusu karibuni tu.

Naandika kuhusu nguvu za miguu. Maumivu ya miguu yana dawa zake na kila duka la dawa Mwanga linaziuza. Mimi nasema nguvu: uwezo wa mzee kuinuka kwenye kiti, kuchuchumaa chooni na kusimama tena, kupanda mlima wa kutoka Ziwa Tanganyika bila kushikwa mkono. Uwezo huo ukiisha, mengine yote yanafuata upesi, na katika mkoa mzima sijaona mtu aliyepewa kazi ya kuuangalia.

Dirisha la wazee, lile la kuwahudumia wazee peke yao hospitalini na zahanati, nalisifu. Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 tumesogea, na lile tangazo la kumpisha mzee apate huduma kwanza limefanya vijana wengi wainuke kwenye mabenchi. Lakini angalieni kinachofanyika mzee akishafika dirishani. Anapimwa presha. Anapimwa sukari, kama vipimo vipo. Anaulizwa anaumwa wapi, anajibu kiuno na magoti, anapewa vidonge, anaambiwa apumzike kwa sababu umri umeenda. Kisha anajiinua kwa kujisukuma na mikono miwili kwenye benchi, mara ya kwanza anarudi chini, mara ya pili anafanikiwa, na muuguzi ameshaita namba inayofuata. Kipimo muhimu kuliko vyote vya siku ile kimepita mbele ya macho yake na hakikuandikwa popote. Kumpa mzee dawa ya presha bila kumwangalia miguu ni kupaka boti rangi huku mbao za chini zinavuja.

Huku mitaani dalili tunaziona mapema kuliko zahanati. Ujiji ni mji wa swala, na anayeswali swala tano anakwenda chini na kuinuka mara nyingi kwa siku. Siku moja mzee anaacha kusujudu chini, anaomba kiti cha plastiki awekewe pembeni ya safu. Watu wanasema ni utu uzima, na kiti anapewa kwa heshima zote. Dini imemruhusu na mimi sina neno. Ila kwa jicho la kiuguzi, wiki ile ya kuomba kiti ndiyo wiki ambayo angetakiwa kuonwa na mtu wa mazoezi tiba, kwa kuwa misuli ya mapaja bado ipo na bado inaweza kurudishwa. Baada ya mwaka mmoja wa kiti, kazi inakuwa ngumu maradufu.

Dalili ya pili watu hawaisemi, nami naitaja kwa sababu nimeosha wagonjwa miaka mingi na aibu ilishaniisha. Vyoo vyetu vingi ni vya kuchuchumaa. Bibi akianza kuogopa kwamba akichuchumaa hatainuka, anafanya uamuzi wake kimyakimya: anapunguza kunywa maji, na chakula cha jioni anakigusa tu, ili usiku asitoke nje. Ukimuuliza anasema hana hamu ya kula. Familia inanunua dawa ya kuongeza hamu ya kula. Kumbe tatizo ni tundu la choo na mapaja yaliyolegea. Anakula kidogo, misuli inazidi kupungua, choo kinazidi kutisha. Nimeona wazee watatu wanne wa mtaa wangu wakiteremka ngazi hiyo, na kila mmoja alizikwa na watu wakisema amekufa kwa uzee.

Naomba tuelewane juu ya misuli yenyewe. Kuanzia miaka 30 na kitu mwili huanza kupoteza misuli, kwa makadirio ya asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na ukivuka 60 kasi inaongezeka. Nguvu zinapotea haraka kuliko nyama: mguu unaweza kuonekana wa kawaida kwa macho huku nguvu yake imeshashuka sana. Hiyo ni kazi ya umri na hakuna anayeikwepa. Lakini sehemu kubwa ya tunachokiita uzee ni kazi ya kukaa bila kujishughulisha na ya kula wanga mtupu, na hivyo viwili vinarekebishika.

Kwanza kukaa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazee wenye afya nzuri walilazwa kitandani siku 10 tu. Hawakuwa wagonjwa. Waliposhuka kitandani walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Siku 10! Sasa mfikirie mzee wa Kasulu au Uvinza aliyelazwa na nimonia, homa juu, chakula hakipandi.

Shangazi yangu alilazwa hivyo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Alipanda gari kwa miguu yake, mkoba begani, akigombana na dereva kuhusu nauli. Nimonia ilitibiwa vizuri na sina malalamiko juu ya dawa. Ila wiki nzima na ushei alilala chali. Ndugu waliambiwa wamwache apumzike, na shuka likabadilishwa akiwa juu yake. Siku ya kuruhusiwa, mjukuu alimbeba mgongoni mpaka kwenye bajaji. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa kwamba amepona. Nimefanya kazi wodini na najua zamu ya usiku ya muuguzi mmoja na vitanda 30 inafananaje, kwa hiyo simlaumu mtu. Lakini kumketisha mgonjwa kwenye kiti wakati wa chakula ni jambo ambalo ndugu anayemuuguza anaweza kulifanya, mradi kuna mtu wa kumwambia na kiti kipo. Wodi zetu zina ndugu wengi na viti vichache.

Kukata tamaa ndiko kunakoniudhi zaidi. Mtu mwenye elimu yake ananiambia, "Dada, mtu wa miaka 80 utamjengea misuli gani?" Basi asikilize. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichukua wazee dhaifu 10 wa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wastani wao miaka 90, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu kwa wiki 8. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka minne baadaye walirudia kwa wazee 100, safari hii wakiwagawa makundi: wengine mazoezi, wengine kinywaji cha lishe, wengine vyote viwili, wengine bila kimojawapo. Waliofanya mazoezi nguvu zao zilipanda zaidi ya mara mbili. Waliopewa kinywaji peke yake hawakupata nguvu yoyote ya kutajika.

Hilo la mwisho lisomwe taratibu na yeyote anayepanga kuwagawia wazee unga wa lishe Siku ya Wazee, tarehe 1 Oktoba, kisha apige picha na kuondoka. Chakula bila kazi ya misuli hakiwi misuli. Na mimi naongeza la kwetu: wazee wa Boston walikuwa wanakula milo yao kamili kila siku. Wa kwetu ukimfanyisha mazoezi na sahani yake haina kitu, utamchosha tu.

Sahani yenyewe tuiangalie. Wataalamu wa lishe ya wazee wanashauri mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zaidi kidogo ya mtu mzima wa kawaida, kwa sababu mwili wa mzee unaitumia protini kwa uvivu. Bibi wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Asubuhi anakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Mchana anakula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa mawese. Sombe ni nzuri, mawese yana vitamini A tele, na sitaki mtu aje kutukatazia chakula chetu. Lakini unga wa muhogo gramu 300, ambao ni ugali wa kushiba, hauna zaidi ya gramu 6 hivi za protini. Dagaa wanapokuwepo mezani, mtazameni bibi: anachovya tonge kwenye mchuzi, dagaa anawasogezea wajukuu. Anasema hana meno. Kweli hana, lakini hata angekuwa nayo angewasogezea.

Na ni dagaa haohao ambao nchi nzima inawaagiza kutoka kwetu! Dagaa mkavu wa Kigoma, karibu nusu ya uzito wake au zaidi ni protini. Gramu 50, sehemu ya ishirini ya kilo, zinampa bibi gramu 25 hivi, karibu nusu ya mahitaji yake ya siku. Meno si hoja, kwa sababu akina mama wanaotwanga dagaa kwa ajili ya uji wa watoto wanaweza kutwanga na wa bibi. Wakiwa unga, wanaingia kwenye uji, kwenye maharage, kwenye sombe yenyewe. Maharage makavu gramu 100 yana zaidi ya gramu 20, karanga vilevile, yai moja gramu 6. La muhimu ni protini igawanywe kwenye milo yote ya siku, na asubuhi isiachiwe chai ya rangi. Mwenye ugonjwa wa figo azungumze na daktari wake kwanza, maana kwake hesabu ni nyingine.

Kuna wakati hata dagaa wanakuwa mbali. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Naunga mkono, kwani wazee wa Kibirizi, kwenye mwalo wetu wa kushushia samaki, wenyewe ndio wa kwanza kukueleza ziwa lilivyokuwa zamani. Lakini miezi ya namna hiyo bei inapanda, na anayeondolewa kwanza kwenye mgao wa nyumbani ni bibi. Mnapopanga kufunga ziwa, pangeni pia na maharage ya wazee wanaoishi peke yao. Orodha za kaya maskini za TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, zipo, majina yanajulikana mtaa kwa mtaa.

Najua jibu linalonisubiri: wazee wetu wanalima, wanabeba kuni, mazoezi gani tena? Nendeni mwalo wa Kibirizi asubuhi, mtawakuta wanawake wa umri wangu na zaidi wameinama wakigeuza dagaa, wanachuchumaa na kusimama asubuhi nzima bila kushika kitu. Hao kweli wana miguu ambayo mstaafu wa ofisini haipati ng'o. Ila kazi ya shamba na ya mwalo haina mtu wa kuipunguza kidogokidogo. Mama anabeba mzigo uleule wa miaka 30 iliyopita mpaka goti linagoma, na tangu hapo hafanyi kitu kabisa. Anatoka kwenye kazi ya kuvunja mgongo, anahamia kwenye mkeka kivulini, na watoto wake wanaona wamemtendea wema. Pia kazi hizo hazimfundishi kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka bila kuyumba, kujizuia asianguke. Shirika la Afya Duniani linasema mwenye miaka 65 na kuendelea afanye mazoezi mchanganyiko ya nguvu na ya kujimudu mwili siku 3 au zaidi kwa wiki, juu ya dakika 150 hadi 300 za kutembea au shughuli nyingine ya wastani. Mazoezi ya aina hiyo yameonekana kupunguza kuanguka kwa karibu robo. Mzee akivunjika nyonga huku kwetu, kila mmoja wenu anajua mwisho wake.

Sasa ninachoomba, na sehemu kubwa yake haihitaji jengo.

Kila mzee anayefika dirishani ainuke na kukaa mara tano kwenye kiti, mikono imekunjwa kifuani, huku muuguzi anatazama saa ya simu yake. Akizidisha sekunde 15, au akishindwa, iandikwe kwenye daftari kama inavyoandikwa presha. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wafanye hivyohivyo majumbani, kwa sababu mzee mwenye miguu mibaya kuliko wote hafiki zahanati. Na kipimo hicho ndicho dawa: anayeshindwa bila mikono aanze kwa kushika, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani, mara chache asubuhi na chache jioni, akiongeza kila akizoea. Mwenye maumivu ya kifua au presha iliyopanda sana asubiri aonwe kwanza.

Vikundi vya mazoezi ya wazee vianze kwenye viwanja vya shule za msingi, saa za asubuhi kabla ya jua kali. Mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alihimiza nchi nzima ifanye mazoezi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Vijana wa klabu za mbio za polepole waliitikia, na hadi leo wanatupita barabarani wakiimba. Sisi hatuwezi kukimbizana nao, na mara moja kwa mwezi haijengi paja la mtu. Tupeni mtu mmoja wa mazoezi tiba azunguke kata kwa kata, afundishe wawili watatu miongoni mwetu, kisha atuache tuendelee. Wastaafu wa ualimu wamejaa mji huu, na kupanga watu mistari ndiyo kazi yao.

Maafisa lishe wapewe mzee kwenye majukumu yao. Halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 za lishe kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, jambo jema ambalo lilipiganiwa. Mzee mwenye miguu inayolegea hana hata shilingi yenye jina lake. Zanzibar tangu 2016 wanamlipa pensheni kila mwenye miaka 70. Huku bara bado, na najua hilo liko juu ya ngazi yenu. Lakini mafunzo ya kutwanga dagaa wa bibi hayasubiri sheria ya Bunge.

Na vyoo. Kila zahanati iwe na tundu moja lenye kiti na chuma cha kushika ukutani. Fundi wa kuchomelea wa Mwanga anakitengeneza kwa siku moja. Familia zikikiona zitaiga nyumbani, kwa sababu wengi hawajawahi kufikiria kwamba choo cha mzee kinaweza kuwa tofauti.

Mkoa huu ulihesabiwa watu 2,470,967 kwenye sensa ya 2022. Wazee ni wachache kati yao, na hawaandamani. Wengi hawatasoma barua hii, kwa hiyo mkiijibu, msiijibu mtandaoni. Itisheni mabaraza ya wazee ya kata, wekeni kiti kimoja cha plastiki katikati, na mganga mkuu aanze yeye kuinuka mara tano tukimhesabia sekunde. Mimi nitakuja na saa.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mstaafu, Ujiji.